Kwa mama wa "Jenerali"

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, joto tu ndilo linalotusumbua. Barua yako imenichekesha: eti mtaa mzima huko Bagamoyo unamwita mwanao "Jenerali", na hata chuo cha maafisa wa jeshi cha Monduli hajamaliza!

Umeniuliza ngazi za vyeo vya jeshi ziko ngapi mpaka juu. Shoga, ni ndefu. Akishatunukiwa kamisheni na Rais, Amiri Jeshi Mkuu, anaanza na Luteni Usu. Kisha Luteni, Kapteni, Meja. Ukifika kwa Luteni Kanali na Kanali hapo unaongea na wakubwa. Juu yao ndio majenerali: Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, na Jenerali mwenyewe, yaani Mkuu wa Majeshi. Usije ukaaibika ukweni: Luteni Jenerali ni mkubwa kuliko Meja Jenerali, ingawa huko chini Meja ndiye anayempita Luteni. Mnadhimu Mkuu, msaidizi wa Mkuu wa Majeshi, ndiye huwa Luteni Jenerali.

Lakini usimharakishe mtoto, cheo kikubwa peke yake hakishindi vita. Unaikumbuka Raskazone ya hapa Tanga, tulikokwenda kuogelea? Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Meja Jenerali Aitken wa Uingereza aliteremsha huko askari wapata 8,000 kutoka India. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000, na mkubwa wao, Lettow-Vorbeck, alikuwa Luteni Kanali tu, ngazi tatu chini ya Aitken! Aitken hata upelelezi wa maana hakufanya. Vijana wake walishuka hoi kwa safari ya bahari, wakapigwa risasi, na nyuki nao wakawavamia vichakani. Walikimbilia melini wakaacha bunduki na risasi ufukweni, zikamfaa adui. Aitken akaitwa kwao, akashushwa hadi Kanali. Kila nikipita njia ile namwaza, na sijui kwa nini namwonea huruma, maana ujeuri wake ndio uliowamaliza wale Wahindi.

Na Idi Amin wa Uganda je? Mwaka 1975 alijipa mwenyewe cheo cha Fildi Mashali, kinachompita hata Jenerali. Aprili 1979 Kampala ikamtoka, na aliyeongoza Divisheni yetu ya 20 alikuwa Musuguri, Meja Jenerali.

Mkipata tarehe ya kamisheni niandikie mapema, nauli ya Arusha si mchezo. Na ile kanga uliyoniahidi nakuja kuivaa hukohuko, usiigawe.

Wako,
Mwalimu Zuhura