Taarifa ya mwenyekiti wa chama chetu: mwaka wetu mtaa wa Inman Park, Atlanta

Ndugu wanachama, salaam. Katibu amenikumbusha hii taarifa mara nne kwenye grupu la WhatsApp mpaka nikaona aibu, kwa hiyo leo nimekaa barazani na chai, siinuki mpaka iishe.

Tulianza mwaka tukiwa kaya 14 ndani ya Inman Park yenyewe, sasa hivi tumebaki 9. Waliohama wako miji ya jirani, Clarkston na Decatur, na hakuna aliyegombana na mtu, ni kodi ya pango tu. Mwenye nyumba anabadilisha makabati ya jikoni, anapaka rangi kidogo, anakuletea mkataba mpya, unasoma ile hela mara mbili ukidhani macho ndo mabovu. Na sisi wachache tulionunua zamani tusijione tumepona, maana jirani akiuza kwa bei ya ajabu na kodi ya majengo yako nayo inapanda.

Kinachonichekesha ni kwamba haya majumba kuna kipindi yalikosa wa kuyataka. Joel Hurt ndo aliuanzisha huu mtaa, tramu ya umeme ikaanza kupita Edgewood Avenue mwaka 1889, matajiri wakajenga, hata Asa Candler wa Coca-Cola alikaa hapa. Baadaye wakahama zao, majumba yakagawanywa vyumba vya kupangisha na kuchakaa mpaka 1969 Robert Griggs aliponunua moja akaanza kulikarabati na wengine wakamfuata, na huku serikali tayari inataka kupitisha barabara kuu ya I-485 hapa katikati, nyumba nyingi zikabomolewa kabla wakazi hawajaizuia miaka ya 70. Pale Freedom Park mnapokimbiza watoto jioni palikuwa na nyumba za watu.

Nimeenda mbali makusudi. Oktoba mwenzetu mmoja alisema sisi wapangaji hatuna sauti hapa, na wengi mkaitikia. Sawa, lakini waliozuia ile barabara walikuwa wanahudhuria vikao. Mwaka huu kwenye mikutano ya wakazi tulienda watatu, mmoja ni mimi, wa pili ni mume wangu.

Suala la madirisha. Hili ni eneo la kihistoria, ukitaka kugusa upande wa mbele wa nyumba lazima jiji likupe kibali. Mwenzetu fundi wake alimwambia hakuna shida, akang'oa madirisha mawili ya mbao akaweka ya plastiki, barua ikaja, ikabidi yale ya zamani yakatafutwe nyuma ya banda. Nilienda kuyaona yakisafishwa. Kioo chake kina mawimbi, ukiangalia mti wa nje unaona kama umezama kwenye maji, na ndani ya fremu kuna kamba na chuma kizito cha kusaidia dirisha kupanda. Kwa kweli nilielewa kwa nini wanayang'ang'ania, ila gharama jamani!

Chai yetu ya mwisho wa Machi iliharibiwa na lile vumbi la manjano la misonobari, wenyeji wanaliita pollen na kweli poleni wote mlioumwa macho. Mandazi yalikaa mezani dakika kumi tu yakawa kama yamepakwa bizari. Tamasha la Aprili lilienda vizuri, watoto walivaa mabawa ya kipepeo, ile nembo ya mtaa yenye nyuso mbili.

Mfuko una dola 612, mweka hazina ana risiti zote. Ninapendekeza waliohama wabaki wanachama kamili wenye kura, wakija na treni wanashukia stesheni yetu hapa hapa. Asiyekubali aje aseme kikaoni.

Kikao ni Jumapili ijayo saa kumi jioni, barazani kwangu. Njooni na viti, na ngazi ya tatu imeoza, kanyageni pembeni, kibali nimeomba bado nasubiri.