Mashine ya mashua huharibiwa na kukaa, si na kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wenye mashua za tanga hapa Lamu, na wenzao wa Pate na Kiunga, ambao siku hizi hufunga kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, mashine ndogo, ya nguvu za farasi 9.9 au 15, iwafae upepo unapokufa. Malalamiko yanayosikika gatini huwa ni yale yale, hasa wakati wa maleleji, kusi inapokwisha na kaskazi haijashika: mashine imekataa kuwaka, na lawama humwangukia fundi, muuza petroli au aliyeiunda. Kwa maoni yangu lawama hizo haziwastahili. Mashine ya mvuvi anayetoka nayo kila alfajiri hudumu miaka mingi. Ya mashua ya tanga, inayoamshwa mara mojamoja, ndiyo huharibika mapema, na kinachoiharibu ni chumvi na petroli vilivyoachwa ndani yake.

Petroli ikikaa majuma kadhaa ndani ya kabureta, pale inapochanganyika na hewa kabla ya kuchomwa, sehemu yake nyepesi huruka hewani na kinachobaki ni utomvu unaonata, ambao huziba vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta hata mtu avute kamba mpaka bega limshuke. Dawa yake haigharimu kitu. Safari inapokwisha, mashine ikiwa ingali inanguruma polepole, chomoa paipu ya mafuta na uiache ijizimie yenyewe kwa kukosa petroli. Baadhi ya manahodha huizima kwa kitufe kwa sababu wana haraka ya kushuka, kisha wiki tatu baadaye wanamlipa fundi afungue kabureta na kuiosha.

Chumvi ni shida kubwa zaidi, kwa kuwa mashine hizi hupozwa kwa maji ya bahari, na maji hayo yakikauka ndani huacha ukoko unaoziba njia. Inafaa, baada ya matumizi, mguu wa mashine utumbukizwe katika pipa la maji matamu hadi tundu la kuvutia maji lizame, kisha mashine iwashwe gia ikiwa niutro, yaani propela haizunguki, kwa dakika kumi hivi. Najua jibu nitakalopewa: maji yenyewe yako wapi? Mji wetu hutegemea visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na visiwani wengine bado wanachota kwenye jabia za mvua, kwa hiyo kumwambia mtu amwage pipa zima kwa ajili ya chuma huonekana kama dhihaka. Hata hivyo pipa halimwagwi kila mara. Wenye mashua wanaofunga gati moja wanaweza kuchangia pipa moja, mashine mbili tatu zikaoshwa kwa zamu siku ileile kabla ya kubadilisha maji. Baada ya kuoshwa, mashine iachwe wima mpaka maji yote yatoke ndipo mguu uinuliwe.

Wanaopita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, wana la ziada la kuangalia. Bahari inapokupwa, propela huvuruga tope la mikokoni na pampu hulivuta pamoja na maji, nalo husaga yale mapezi ya mpira ya impela, kigurudumu cha ndani ya pampu kinachosukuma maji. Dalili ni ule uzi wa maji unaoruka nyuma ya mashine: ukidhoofika au ukikatika, zima papo hapo na utweke tanga, kwani mashine isiyopozwa haichukui muda kuungua. Impela ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Oili ya gia nayo ibadilishwe kila miezi sita au saa 100 za kazi. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi kisa ni uzi wa mshipi uliojizungusha nyuma ya propela na kukata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie.

Kuhusu kuchanganya mafuta, mashine nyingi za mipigo miwili hutaka kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa dumu la lita 5. Ziko zinazotaka kipimo kingine, kwa hiyo kitabu cha mashine ndicho kifuatwe, si kifuniko cha chupa ya soda. Oili iwe ile ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3. Ya bodaboda ni ya mipigo minne, na ikichanganywa na petroli huchafua plagi na kuacha masizi ndani ya silinda. Mwenye mashine ya mipigo minne asichanganye kabisa.

Na wakati wa kuwasha, utaratibu una maana yake. Fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, minya kipira cha mafuta mpaka kiwe kigumu, hakikisha kamba ya usalama imechomekwa na gia iko niutro, vuta choki, ile ya kupunguza hewa, ikiwa mashine ni baridi, kisha vuta kamba taratibu mpaka ushike uzito ndipo uivute kwa nguvu. Ikikohoa, rudisha choki. Ukisikia harufu kali ya petroli, ujue imefurika: toa plagi, ikaushe, vuta kamba mara chache plagi ikiwa nje na waya wake umewekwa mbali na tundu, kisha subiri kidogo. Abiria wakikukodolea macho hapo wakukodolee tu. Kuendelea kuvuta kamba huku choki haijarudishwa ndiko kunakoifurisha zaidi.

Ombi langu kwa kamati za ufuo ni kwamba, kabla ya maleleji yajayo, kila gati liwe na pipa lake na siku moja ya juma ambayo kila mwenye mashua huwasha mashine yake hapo hapo, awe na safari au asiwe nayo. Wakati huo huo yakaguliwe yaliyomo chomboni: plagi ya akiba, pini ya propela, kamba ya kuwashia, spana ya plagi na nanga yenye kamba ya kutosha.

Nahodha mstaafu,
Shela, Lamu