Barua ya wazi kwa wajukuu zangu wasimulizi wa historia

Wajukuu zangu,

Marahaba. Video zenu nazitazama zote, na moja imeninyima usingizi: ile ya Christina wa Denmark, aliyeposwa na Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, akajibu eti angekuwa na vichwa viwili, kimoja angempa mfalme. Watu wamecheka sana. Mimi mwenyewe niliwafundisha mama zenu maneno hayo hayo darasani, kwa hiyo lawama naanza kujipa mimi.

Maneno hayo hayamo katika taarifa za mabalozi waliozungumza naye. Yalizuka baadaye sana.

Jane Seymour, mke wa tatu wa Henry, alifariki Oktoba 1537, siku chache baada ya kujifungua. Mke wa kwanza alikuwa ameachwa, wa pili amekatwa kichwa. Washenga wakatumwa tena. Christina alikuwa Brussels, binti wa miaka 16 na tayari mjane: aliozwa akiwa na miaka 11 kwa mtawala wa Milan, Francesco Sforza, aliyekufa 1535. Machi 1538 mchoraji Hans Holbein alipewa muda wa saa tatu tu amtazame na kumchora. Picha ilimfurahisha Henry hadi akawa anapigiwa muziki kutwa nzima. (Mwanamume wa miaka 46, jamani.)

Sasa sikieni jibu lenyewe. Mwaka 1539 balozi Thomas Wriothesley alimuuliza moyo wake unasemaje. Christina akasema yeye yuko chini ya amri ya Kaisari. Na Kaisari huyo, Charles wa Tano, mtawala wa Dola Takatifu la Kirumi, alikuwa mjomba wake hasa, kaka wa mama yake. Mama alishakufa, baba, mfalme wa Denmark aliyepinduliwa 1523, alikuwa kifungoni. Kwa hiyo alichosema ni: mwulizeni mjomba. Aliyelelewa katika nyumba zetu anajua kwamba binti akijibu hivyo hajakubali wala hajakataa, na mshenga hana pa kumshika.

Mjomba naye alikuwa na fundo lake. Katherine wa Aragon, yule mke aliyeachwa, alikuwa dada wa bibi mzaa mama wa Christina. Kwa hesabu yetu, ni bibi yake. Ndoa ingehitaji ruhusa ya Papa, na Henry alishavunja uhusiano na Papa. Januari 1539 Charles akapatana na Ufaransa huko Toledo, akawa hana haja tena ya kumbembeleza Mwingereza. Posa ikafia hapo.

Baada ya hapo video yenu imekatika, na ndipo ningependa mkae. Mwaka 1541 Christina aliolewa na mrithi wa Lorraine, nchi ndogo iliyopakana na Ufaransa. Akafiwa tena 1545, akatawala kwa niaba ya mwanawe mdogo hadi 1552, mfalme wa Ufaransa alipoingia na jeshi, akamwondoa madarakani na kumchukua mtoto. Alikufa 1590, miaka 43 baada ya Henry.

Basi irekebisheni. Picha iko National Gallery, London, ndefu kama kimo cha mtu: nguo nyeusi za msiba, glavu mkononi, pete moja yenye jiwe jekundu. Mliikuza ikabaki sura peke yake. Safari hii msiikate mikono.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu