Hapana, Mama Pendo, hawamrogi wote

St. Paul, Minnesota
9 Februari 2025

Mama Pendo,

Mwangaluka, hata kama barua itakufikia jioni. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kituo cha basi, nacheka peke yangu ndani ya mtandio mpaka mama mmoja akahama benchi. "Eti ni kweli huko Wamarekani wanamroga rais wao?" Nikasema hili halijibiki kwa dakika mbili za sauti. Leo nina mapumziko, theluji imefika magotini, na chai ipo. Nakuandikia.

Wapo waliojaribu, ndiyo, baadhi ya wapagani wa huku. Ila nianze na neno lenyewe. Kwetu mpagani ni jina unalopewa na wengine. Babu yangu aliandikwa hivyo na katekista na hakuna aliyemuuliza. Huku kuna watu wanaojiita hivyo wenyewe, tena kwa fahari, na wengi ni Wazungu waliolelewa Kilutheri au Kikatoliki. Mji wetu na jirani yake Minneapolis wamejaa kiasi kwamba wenyewe wameupa jina la utani, Paganistan. Mwenzangu wa zamu ya usiku pale tunapotunza wazee ni mmoja wao. Dini yake inaitwa Wika. Wanaabudu mungu wa kike na wa kiume, wana sikukuu nane kwa mwaka zinazofuata jua na majira, na hawana papa, askofu wala kitabu kimoja. Wengine hufuata miungu ya kale ya watu wa Kaskazini, Odin na Thor, wengine ni Wadruidi, wanaofuata makuhani wa kale wa Ulaya. Kuuliza wapagani wana msimamo gani wa siasa ni kama kuuliza watu wenye ndevu wana msimamo gani.

Sasa habari yako. Februari 2017, mwezi mmoja baada ya Trump kuapishwa mara ya kwanza, kulisambaa ibada ya uchawi ya kumfunga. Ilianza usiku wa manane wa tarehe 24, na ilikuwa irudiwe kila mwezi unapokaribia kufa angani. Vifaa: picha yake mbaya, kipande cha mshumaa wa rangi ya chungwa (umeelewa kwa nini), na karata moja ya kupigia ramli yenye mnara unaobomoka. Wakristo fulani nao wakaitisha maombi ya kumkinga. Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, duka moja la vitabu Brooklyn likafanya ibada ya kumlaani Kavanaugh, jaji mpya wa Mahakama ya Juu, na tiketi zikaisha.

Wewe na mimi tumekulia Usukumani. Neno kufunga halihitaji kufafanuliwa kwetu: kumfunga mtu asitende si sawa na kumroga afe, na kuzindika nyumba yako ni jambo la tatu kabisa. Basi ugomvi wao wote uko hapo hapo. Mwenzangu anashika ile kanuni ya Wika ya kutomdhuru yeyote, na wanaamini kwamba ulitumalo hurudi kwako mara tatu. Kwake kufunga ni kudhuru kulikovaa kanga. Rafiki yake wa kikundi kimoja anasema kumzuia mtu asiumize wengine hakuwezi kuitwa madhara. Miaka minane wanabishana! Mwenzangu, usiku ule wenzake walipowasha mishumaa, alilala mapema, na uchaguzi ulipokaribia akaenda kugonga milango ya watu kuwakumbusha kujiandikisha.

Usidhani wote wako upande mmoja. Januari 2021, wale wafuasi wa Trump waliovamia bunge Washington, unamkumbuka yule wa pembe na ngozi kichwani, kifua wazi? Kifuani alichorwa tatuu za nyundo ya Thor na mti wa ulimwengu wa hao hao watu wa Kaskazini. Wafuasi wengine wa Thor waliona aibu kama Mkristo anavyoona aibu akimwona mwizi amevaa msalaba.

Hapo ndipo mimi niliacha kucheka. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Desemba 2020, kule Murdock, kijiji cha magharibi mwa jimbo hili hili chenye watu wasiofika 300, baraza liliruhusu kundi moja la dini ya Odin kutumia kanisa la zamani la Kilutheri walilokuwa wamelinunua. Kundi hilo linapokea Wazungu tu. Wanakijiji wengi walipinga, lakini baraza liliogopa kushtakiwa, kwa sababu sheria za huku hulinda dini, hata usiyoipenda. Fikiria mimi, mwaka ule wa George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi, bado Minneapolis inanuka moshi, nasoma kwamba saa mbili na ushei kutoka kwangu kuna hekalu ambalo rangi yangu tu inanifungia mlango. Mwenzangu alinionyesha tamko lililotolewa mwaka 2016 na vikundi vingi vya imani hiyo hiyo, kujitenga na kundi hilo. Wameliita kwa namba 127, namba ya beti katika shairi la kale la Iceland linalomwambia mtu akiona uovu autaje kuwa ni uovu. Nililisoma. Nikamwambia ni zuri. Lakini wale wa Murdock nao wanasoma shairi lile lile, kama makaburu walivyosoma Biblia ile ile.

Nisikuchoshe, ila kuna mmoja nataka umjue. Sajini Patrick Stewart aliuawa Afghanistan mwaka 2005. Alikuwa wa Wika. Serikali ilikuwa na orodha ya alama za dini za kuweka kwenye makaburi ya askari, na ile nyota yao ndani ya duara haikuwemo. Kule Nevada kwenye ukuta wa kumbukumbu nafasi yake ikabaki tupu, kwa sababu mjane wake alikataa jina lake liwekwe bila alama. Walishtaki, na Aprili 2007 serikali ikakubali. Huyo alikufa kwa bendera. Sijui alimpigia nani kura na sioni kama inahusu.

Sasa Oktoba iliyopita. Tarehe 31 ni sikukuu yao ya wafu, na uchaguzi ulikuwa tarehe 5 Novemba. Mwenzangu akanialika kwenye chakula cha kimya: mnakula bila kusema neno, na sahani moja inawekwa kwa ajili ya waliotangulia. Nikaenda na ugali na dagaa, maana sikuweza kwenda mikono mitupu. Mlangoni kulikuwa na kikapu cha simu. Na walikuwemo wawili wasiosalimiana tangu kiangazi, mmoja wa Trump, mmoja wa Harris, tena walioanzisha kikundi hicho pamoja. Waliketishwa wakitazamana. Saa nzima, Mama Pendo! Hakuna redio, hakuna hoja, vijiko tu. Yule wa Trump, fundi bomba mwenye mikono kama ya mjomba wako, alionja dagaa akakunja uso, na yule mwingine akapasuka kwa kicheko. Kimya kikavunjika, mwenye nyumba akanuna. Nilidhani wamepatana. Baada ya matokeo fundi bomba alijitoa kikundini, na kwenye sikukuu yao ya wiki iliyopita, ya mwanzo wa Februari, hakuonekana.

Jambo moja sikumwambia mwenzangu. Ana fulana iliyoandikwa kwamba wao ni wajukuu wa wachawi ambao hawakuweza kuchomwa. Anaivaa kwenda sokoni. Kila nikiiona namkumbuka bibi, usiku ule alipohamishwa kwa baiskeli kwenda kwa shangazi Bariadi, kwa sababu walimwita mchawi, kisa macho mekundu ya moshi wa kuni na mtoto wa jirani aliyekufa kwa degedege. Wewe ndiye uliyebeba kuku wake. Waingereza walituachia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, kisha kwao wakafuta ya kwao mwaka 1951, na ndipo hawa Wika walipoanza kujitokeza hadharani. Yetu ipo hadi leo, na haijamzuia mtu mwenye panga. Mwaka 2015, mwaka wa uchaguzi, serikali ilibidi ipige marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Mwaka huu tena ni wa uchaguzi. Ramli chonganishi huko si mshumaa wa rangi ya chungwa. Tafadhali mwangalie yule mama anayekaa peke yake karibu na lambo.

Usiku ule wa Oktoba kila mgeni aliweka picha ya mtu wake kwenye meza yao ya wafu. Mimi sikuwa nayo, nikaandika jina la bibi kwenye karatasi na kuliegemeza kwenye sahani ya ugali. Kaka yako si alimpiga picha siku ya harusi yenu, amekaa kwenye kigoda, amevaa kitenge cha buluu? Itafute. Itume kwa simu, hata kama imefifia.

Msalimie Baba Pendo na watoto.

Mama Baraka