Msiite maradhi kipaji

Mhariri,

Mwanamuziki akichanganyikiwa hapa Mombasa, hakosi wa kusema, "Wasanii ndivyo walivyo." Kwenye vijiwe vya kahawa husemwa kwa mapenzi, kama sifa. Mwenzetu mpiga udi neno hilo lilimponza.

Usiku mmoja, harusini Kibokoni, alipiga mpaka alfajiri asiuweke udi chini. Akina mama wakamtunza hadi noti zikatapakaa mkekani, nasi nyuma yake tukashangilia. Kumbe ni siku ya tatu hajalala! Wiki ile alitunga nyimbo kumi na moja, nyingine nyuma ya karatasi za mkate. Alipotulia tukazipitia naye: zilizoimbika ni mbili. Kisha miezi mizima alilala akiutazama ukuta, udi umetundikwa, uzi mmoja umekatika, hana habari nao.

Akapewa lithiamu, dawa ya maradhi haya ya kupanda na kushuka kwa hisia, akaanza kurudi. Shabiki mmoja akamwambia tembe zitamkausha utunzi. Akazitupa. (Buhuri za kupunga pepo nazo zilifukizwa, ila mama yake simlaumu.)

Wanaosifu wazimu humtaja Robert Schumann, mtunzi wa muziki wa Ujerumani. Kweli, mwaka 1840 pekee alitunga nyimbo zaidi ya 100. Lakini mwaka 1994 mwanasaikolojia Robert Weisberg alizipima kazi zake akaona miaka ya uchangamfu ilimwongezea wingi tu, si ubora. Na mwaka 1854 Schumann huyo huyo alijitosa mto Rhine, akaopolewa, akafia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Endenich mwaka 1856.

Uhusiano upo, sibishi. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2011 uliwakuta wenye maradhi haya wakiwa wengi zaidi katika kazi za ubunifu. Ila na ndugu zao wazima pia! Dada yake mwenzetu hajaugua hata siku moja, na kwa sauti anamshinda.

Sasa amerudia tembe. Dawa hiyo yataka kupimwa damu mara kwa mara, na mwili ukikaukiwa maji kwa joto letu hili hugeuka sumu. Basi mkitualika, mjue saa sita usiku tunafunga vyombo akalale. Na kabla ya kumtunza, mpeni maji.

Mpiga dumbaki,
Majengo, Mombasa