Zuberi, usisaini kwanza

Ndugu yangu Zuberi,

Salamu sana. Sisi wazima, mama anakusalimia, na shemeji mwambie nimeupata mzigo wake. Najua nimekaa kimya tangu msiba. Nisamehe, siku zilinipita tu.

Nakuandikia kwa sababu ya lile jedwali la makadirio ya mishahara ulilonitumia. Salum kaniambia uko mbioni kusaini mkataba wa miaka kumi kwa ajili ya mstari mmoja tu, ule wa "mishahara itakua kwa asilimia 6 kila mwaka". Ngoja kwanza, tafadhali.

Asilimia 6 ya nini? Jana usiku nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Anayelipwa 200 leo, akiongezwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka kumi anapata kama 358. Mwenzake anayelipwa 4,000, akiongezwa asilimia 1 tu, anafika kama 4,418. Walipishana 3,800, sasa wanapishana 4,060! Ni kweli wa kwanza amesogea: alikuwa amezidiwa mara 20, sasa ni mara 12 na kidogo, na hilo nalifurahia kwa dhati. Lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa uwiano, ndugu yangu.

Tena hiyo asilimia 6 ni ya wastani wa mishahara. Chukua ofisi ya watu kumi: tisa wanalipwa 100, bosi 1,100. Wastani ni 200. Bosi akijiongezea 500, wastani unaruka hadi 250, asilimia 25 nzima, na wale tisa hawajaona hata senti.

Halafu bei. Uturuki, Oktoba 2022, mfumuko wa bei ulipita asilimia 85. Aliyeongezwa asilimia 50 mwaka ule alirudi nyuma. Mimi mwenyewe mwaka juzi niliongezwa. Barua ikaja na muhuri, nikamwonyesha mama, tukafurahi. Kufika mwezi wa sita mshahara ulikuwa unakata tarehe 19, wakati zamani ulinifikisha 24. Barua ile bado ninayo kwenye droo.

Sisemi jedwali linadanganya. Shirika la Kazi Duniani hupima mshahara halisi, yaani ukishaondoa mfumuko wa bei: mwaka 2022 ulishuka duniani kwa asilimia 0.9, mwaka 2023 ukapanda kwa 1.8. Katika nchi tajiri za G20, lile kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mwaka huo uliendelea kushuka, katika zile zinazoinukia ukapanda kama asilimia 6. Kwa hiyo 6 hutokea. Ila Japani ya miaka ya 1980 nayo ilionekana haishikiki, kisha mishahara ikakaa palepale karibu miaka thelathini. Wewe unafunga miaka kumi kwa makadirio, na hayo makadirio si mwajiri wako.

Sasa nijibu. Nyongeza ya kila mwaka imeandikwa kwenye mkataba, au ni ahadi ya mdomo? Utalipwa kwa sarafu gani? Waliokutangulia kwenye kazi hiyohiyo walianza na ngapi, na leo wanapata ngapi? Ukitaka kuondoka mwaka wa tatu, wanakuruhusu bila faini? Na shemeji anasemaje, au hujamwambia bado?

Nitumie kurasa zote, hata ukizipiga picha kwa simu. Siku ya kusaini ni lini hasa?

Ni mimi nduguyo,
Hamisi