Wito wa Harambee: Tuiandike Historia ya Watu Weusi kwa Ushahidi

Wazee wetu waheshimiwa, wazazi, walimu, wafanyabiashara wa Bombo na Luweero, na jamaa zetu mlioko Kampala, Arua, Nairobi na ng'ambo: assalaam aleikum, na salamu za heri kwenu nyote.

Tunawaandikia kwa niaba ya kikundi cha kujitolea cha hapa Bombo, chenye walimu, wanafunzi wa sekondari, vijana wa vyuo na wazee wachache, ambacho hukutana Jumamosi alasiri kwa kazi moja tu: kuandika, kusahihisha na kutafsiri makala za historia ya watu weusi katika Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuisoma bure na kila mtu anaweza kuihariri. Tunaomba shilingi 5,050,000 za kuendesha kazi hiyo kwa mwaka mmoja. Tunawasihi mtusome mpaka mwisho, maana sehemu kubwa ya fedha hizo haiendi katika kuandika, bali katika kutafuta ushahidi.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na toleo lake la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Toleo la Kiingereza limeshavuka makala milioni 6, na la Kiswahili bado ni dogo mno likilinganishwa nalo. La Kiganda ni dogo zaidi. Mwanafunzi wa Uganda anapopewa kazi ya nyumbani kuhusu mtu fulani wa zamani, huandika jina hilo katika simu, na mara nyingi jibu la kwanza analolipata limetoka humo. Asipomkuta mtu huyo, huhitimisha kwamba hakuwa na umuhimu. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, watoto wengi zaidi watahitaji kusoma habari hizi kwa Kiswahili, na sisi tulioikuta lugha hii nyumbani kwetu tunaona ni wajibu wetu kuwaandalia.

Chukueni mfano wa Mama Sarah Nyendwoha Ntiro, mzaliwa wa Hoima, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1954, akiwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada huko. Aliporudi na kufundisha katika shule ya wasichana ya Gayaza, alikataa kupokea mshahara uliokuwa chini ya ule wa walimu wanaume wenye elimu kama yake, akaendelea kufundisha. Habari hiyo tunaijua, na tunaweza kuisimulia kwa dakika tano. Lakini kuiandika katika kamusi elezo ni jambo jingine, kwa sababu kila sentensi inayoweza kupingwa lazima ifuatwe na rejeo: gazeti gani, la tarehe ngapi, au kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Mhariri aliye mbali, asiyejua Hoima iko upande gani wa nchi, ana haki kamili ya kuuliza habari hiyo imetoka wapi, na asipopata jibu anaweza kuiondoa sentensi au kupendekeza makala nzima ifutwe. Hatumlaumu. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayozuia uongo kuandikwa juu ya watu wetu, na tumewafundisha vijana wetu kuipenda badala ya kuikwepa.

Tatizo ni kwamba ushahidi wa historia yetu uko kwenye karatasi, na karatasi hizo ziko Kampala. Uko katika maktaba kuu ya Makerere, katika maktaba ya Uganda Society pale Jumba la Makumbusho la Kamwokya, ambayo jarida lake, Uganda Journal, lilianza kutoka mwaka 1934, na katika majalada ya magazeti ya zamani kama Uganda Argus, ambayo mengi yake huwezi kuyapata kwa kutafuta katika simu. Mwanafunzi anayefuatilia habari ya miaka ya 1950 hukaa na jalada la gazeti mbele yake, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, kwa uangalifu kwa sababu kingo zimeshaanza kumeguka, mpaka alipate tangazo la safu moja lenye jina analolitafuta. Akilipata, huandika jina la gazeti, tarehe na ukurasa, hulipia kopi inaporuhusiwa, kisha hutafuta taksi ya kumrudisha Bombo. Siku nzima inaweza kuzaa rejeo moja. Bila rejeo hilo, kazi ya wenzake waliobaki nyuma wakiandika haina mahali pa kusimama.

Sisi wa Bombo tuna sababu yetu ya karibu zaidi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, afisa wa Kiingereza, alipowachukua askari wa Kisudani waliokuwa Kavalli, kando ya Ziwa Albert, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria, hakuchukua bunduki tu. Aliwachukua pia wake zao, watoto wao na wafuasi wao, na kutokana nao wametoka Wanubi, ambao leo Katiba ya Uganda inawataja miongoni mwa jamii za asili za nchi hii. Askari hao waliasi mwaka 1897, na waliobaki katika utumishi waliingia baadaye katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, jeshi ambalo amri zake zilitolewa kwa Kiswahili, na ambalo katika Vita Kuu ya Pili lilipeleka vijana wa Afrika Mashariki mpaka Burma, katika bonde la Kabaw, mwaka 1944. Kuhusu Lugard, msomaji hakosi cha kusoma. Kuhusu waliobeba mizigo na bunduki zake, na kuhusu wanawake walioendesha maisha ya kambi, anapata kidogo sana. Wazee wetu wanayo mengi kichwani, nasi tunayarekodi kwa heshima, ila tunasema wazi kwamba rekodi zetu wenyewe hazikubaliki kama rejeo mpaka zichapishwe na gazeti, chuo au mchapishaji asiye sisi. Ndiyo maana tunatafuta pia wahariri wa magazeti na wahadhiri watakaopenda kuzichunguza.

Historia tunayoishughulikia haikomei Uganda, kwa sababu watu weusi wa pande mbili za bahari wamekuwa wakitembeleana na kusomana kwa muda mrefu. Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wetu, waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere. Chinua Achebe na Wole Soyinka walikuwepo, na Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi wa hapohapo, alikaa nao. Na kutoka Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, alikuja mshairi Langston Hughes. Kijana wa Kampala anayepita katika uwanja huo kila siku anastahili kuyasoma hayo kwa lugha anayoielewa.

Kazi hii pia ina watangulizi. Huko Marekani, Carter G. Woodson alianzisha wiki ya historia ya watu weusi mwaka 1926, akachagua wiki ya pili ya Februari, na mwaka huohuo maktaba ya umma ya New York ikaununua mkusanyo wa vitabu na nyaraka ambao Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, alikuwa ameukusanya kwa miaka mingi. Katika zama hizi za intaneti, watu wa kujitolea wa AfroCROWD, iliyoanzia New York mwaka 2015, na wale wa Black Lunch Table wamekuwa wakiwaita watu wakae pamoja, wafundishwe kuhariri, kisha wajaze mapengo ya historia ya watu weusi makala baada ya makala. Wao wana maktaba kubwa jirani. Sisi tuna hamu ileile, na safari ndefu zaidi.

Kwa hiyo fedha zimegawanywa hivi. Shilingi 1,800,000 ni za nauli, ada za maktaba na kopi. Kompyuta mpakato mbili zilizotumika zitagharimu 1,600,000, bando la intaneti la mwaka 1,200,000, na mashine ya kuskani nyaraka 450,000. Hakuna atakayelipwa kwa kuandika, na hatutaomba ruhusa ya kubadili hilo baadaye.

Lipo jambo ambalo ni lazima tuliseme kwa adabu. Mchango wa mtu, hata uwe mkubwa kiasi gani, haununui ukurasa wa baba yake wala wa biashara yake. Mwenye mzee aliyetenda jambo la kukumbukwa atuletee magazeti, barua za serikali na vitabu vinavyomtaja, nasi tutavisoma kwa makini sawa na vya mtu asiyechangia chochote. Tunaamini watu waliotoa tofali zao ili Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, yajengwe upya baada ya moto wa Machi 2010 wataelewa, kwani kila tofali liliingia katika jengo la wote.

Harambee itafanyika Jumamosi ya pili ya Februari, kuanzia saa nane mchana, katika ukumbi tunaokutania. Asiyeweza kufika atume mchango wake kwa mobile money kwa mweka hazina wetu, ambaye namba yake imebandikwa kwenye mbao za matangazo za shule na misikiti, na atapewa risiti yenye jina lake, au isiyo na jina akipenda hivyo. Magazeti ya zamani, vitabu na picha za familia vinapokelewa pia: tutavipiga nakala mbele ya mwenyewe na kumrudishia siku hiyohiyo. Hesabu za mapato na matumizi, pamoja na orodha ya makala zilizoandikwa na marejeo yake, zitabandikwa kwenye mbao hizohizo kila baada ya miezi mitatu.